Programu ya nafaka isiyo na mizani

Leo nimemwonyesha mteja programu ya kuuzia nafaka ambayo haina mizani.

Ofisini tunatengeneza programu moja, kisha kila duka tunalichagulia vipengele vyake. Kwenye orodha ya duka, mimi huandika vya kuondoa tu. Mwenzangu Halima huandika vya kuongeza tu. Tumebishana tangu masika tufuate mtindo wa nani.

Jana tukaunganisha kazi zetu hivyo hivyo. Kipengele cha mizani hakuna aliyekiandika. Kwangu, kisichoandikwa kipo. Kwake, hakipo, na programu ikasoma kwa kanuni yake.

Mteja wetu, Mama Salehe wa Majengo, akaitafuta mizani kwenye skrini.

"Wanangu, alizeti nitapima kwa macho?"

Halima akaniangalia. Nikaangalia dirishani.

"Kwani nyie wawili huwa mnaonana?"



Tunakaa meza moja.