Simenti ya mashine ya kusaga

Nakiri kosa langu kwanza. Vita ilipokaribia mji wetu wa Uvira, niling'oa mabati ya nyumba yangu mpya nikayavusha mpaka hadi Bujumbura, na Jumapili nikashuhudia kanisani kwamba ninamtegemea Mungu peke yake.

Wiki ileile, nikiwa kwenye duka la simenti mtaani Kavimvira, mama mmoja anayesagia watu mihogo aliomba mifuko mitatu. Muuzaji akamkodolea macho.

"Mama, risasi iko inalia kule milimani Bijombo, na weye unajenga?"

"Nafunga mashine yangu chini kwa simenti."

"Na tukikimbia, utaibeba namna gani?"

Mama akapiga kaunta kofi. "Baba, ile ya kwanza niliiweka juu ya mbao ili nikimbie nayo. Siku yenyewe, wanaume wanne wa kwangu walishindwa kuiinua. Wezi wawili wakaiweza! Hii ya pili nimeuza shamba kuinunua. Hawa wezi nao wapate shida kidogo."

Tulicheka wote, mimi kwa haya. Kila mtu Uvira akijenga vya kubeba kichwani tu, mji utabaki na nini?

Mashine imefungwa, inasaga nyuma ya soko. Msomaji, ukiwa na mihogo mikavu, mpelekee.