Hakuna Jibu, Hakuna Pilau

Uongo kwangu mimi una harufu, nayo ni harufu ya bizari ya pilau inayokaangwa na vitunguu saumu katika jiko la ukumbi wa kukodi, madirisha yamefungwa kwa baridi na makoti yaliyorowa yamerundikwa kwenye viti. Wenzangu wakiisikia harufu hiyo hukumbuka harusi na Idi. Mimi nakumbuka wagombea ubunge. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Thornton Heath, England, katika flati iliyo juu ya duka la vitambaa. Baba alikuwa akifanya kazi ya stoo, mama akiwatunza wazee majumbani mwao. Baridi ilipoanza kupungua na uchaguzi kukaribia, kila wiki alikuja mtu mwenye tabasamu pana kutuambia kwamba anatupenda. Anatupenda! Mtu ambaye miaka yote hakujua hata barabara yetu inaanzia wapi, leo anatupenda mpaka anatushika mabega.

Na mwaka huo sisi tulikuwa na neno nao. Khamis, mdogo wangu wa miaka saba, alikuwa amepoteza jicho la kulia wakati wa likizo ya Desemba. Alikuwa akicheza mpira kwenye kichochoro cha nyuma ya maduka, na kijana mmoja wa jirani alikuwa akilenga makopo ukutani kwa bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti bali husukuma kirisasi kidogo kwa nguvu ya hewa. Kirisasi kikagonga ukuta, kikarudi. Nilisikia mlio mdogo sana, tak, kisha nikamsikia Khamis akimwita mama kwa sauti ambayo sikuijua. Madaktari walijitahidi lakini jicho halikuokoka. Askari aliyekuja nyumbani alikuwa mpole, akanywa chai yetu, akaeleza kwamba kijana atashughulikiwa kwa uzembe wake, ila bunduki yenyewe haikuwa na kosa: huku England mtu mzima huingia dukani akanunua ya aina ile bila leseni yoyote. Mama, ambaye kila mwaka alikuwa akilipia leseni ya televisheni na kuihifadhi kwenye mkoba pamoja na pasipoti, aliweka birika chini. "Televisheni ina leseni," akasema, "na bunduki haina?" Askari akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Mama akauliza ni nani wa kuibadilisha sheria hiyo, naye akajibu kwamba ni wabunge. Tangu siku hiyo mama alikuwa na swali moja tu duniani.

Tatizo lilikuwa adabu yetu. Ami Suleiman, kaka yake baba na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wazanzibari, alikuwa mtu wa picha. Sebule yake ilijaa picha zake amesimama ubavuni mwa waheshimiwa, na katika kila picha mheshimiwa anatazama upande mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaalika wagombea ukumbini, na kwetu mgeni hupewa chakula kwanza, na mgeni anayekula haulizwi jambo zito. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na watu wazima waliishika methali hiyo bila kutazama kama kuna mwenyeji yeyote aliyewahi kupona. Basi alipokuja yule wa kwanza, bwana wa mashavu mekundu ambaye kila mtu alisema atashinda, alikula sahani ya kwanza, akala ya pili, na mama alipomkaribia na swali lake, kwa Kiingereza safi cha kazini, Ami alimkata kauli kwa Kiswahili: "Zuhura, mwache mgeni ale." Mashavu Mekundu akampapasa Khamis kichwani, akasema ameguswa sana na kwamba amemsikia mama. Amemsikia! Kusikia hata paka husikia. Akaondoka na mfuko wa sambusa mkononi.

Wa pili, aliyevaa koti la kijani, alikuja wiki iliyofuata. Huyo angalau alijibu kitu, mdomo umejaa. Alisema tusisahau kwamba wenye bunduki nao wana haki zao, kwamba kuna wanaolenga shabaha kwa michezo, na kuna wakulima wanaopambana na panya na sungura mashambani. Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi nilijua kwamba Thornton Heath kulikuwa na kinyozi, bucha na kituo cha basi, na sungura wa mwisho niliyemwona alikuwa darasani kwetu ndani ya kizimba. Watu wazima waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu tulikuwa tumemshibisha wenyewe, kwa mikono yetu.

Ndipo mama alipoijua dawa. Jumapili ya mwisho kabla ya kura walialikwa wagombea wote watatu kwa pamoja, na wanawake wakapika tangu asubuhi kama kawaida. Ami alipotangaza karibuni chakula, hakuna aliyeinuka. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, na mama ameweka kiti chake katikati ya mlango wa jiko, daftari langu la shule mapajani. Akasema kwa sauti ya utulivu kwamba chakula kiko tayari, na kwamba kila mgombea aandike humo kama atadai bunduki zile ziwe na leseni, ndiyo au hapana, atie na jina lake. Akishaandika, atapakuliwa. Yarabi! Kwa mtu wa kwetu, kumnyima mgeni chakula mbele ya macho ya watu ni afadhali umpige kofi. Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Ami akaja mbio, akanong'ona kwa hasira, "Zuhura, unatuvua nguo mbele ya wageni!" Mama hakunyanyuka. "Shemeji," akamwambia, "nguo tumeshavuliwa. Mtoto hana jicho, na wewe mkubwa wake huna kauli. Sasa aibu gani tena imebaki?" Ami akarudi kukaa.

Koti la Kijani alicheka, akatazama saa, akakumbuka mkutano mwingine. Aende salama, na haki zake. Wa tatu alikuwa mwanamke mwembamba wa chama kidogo, ambaye hakuna aliyemtilia maanani hata kumpa kiti cha mbele. Akaandika "Hapana", akatia jina, kisha akasema mbele ya wote kwamba yeye anaona sheria iliyopo inatosha kama watu wangeifuata, kwamba anamsikitikia mtoto, lakini hatamdanganya mama yake. Watu wakaguna. Mama akainuka, akachukua sahani, akampakulia yule mwanamke, akamchagulia na nyama nzuri, akampa kwa mikono miwili. Nikadhani mama amerukwa na akili. Mashavu Mekundu hakungoja kuitwa. Aliandika "Ndiyo" kwa herufi kubwa, akaweka sahihi yenye mikia mirefu, akainua daftari juu apigwe picha, na Ami alikuwa tayari ameshafika ubavuni. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, viganja vikawaka moto.

Akashinda. Mama akamwandikia barua, akajibiwa kwamba barua imepokelewa. Akaandika nyingine, nayo ikapokelewa. Baada ya mwaka mzima wa kupokelewa alituchukua, mimi na Khamis, siku mbunge anapoonana na wananchi, tukapanga foleni, mama kavaa koti lake la Idi. Alipofika mbele alilifungua daftari mezani. Mheshimiwa akaitazama sahihi yake mwenyewe, akakunja uso, kisha uso ukang'aa. "Aa, siku ile!" akasema. "Ile pilau!" Akauliza mama aliweka viungo gani. Hakumtazama Khamis hata mara moja, na Khamis alikuwa amekaa mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mama alilifunga daftari, akatushika mikono, tukarudi nyumbani kwa basi.

Siku hizi nakaa Rayners Lane na wanangu, ambao Kiswahili wanakisikia na Kiingereza ndicho wanachojibia. Wagombea hawaji tena kumbini. Wanatuma video kwenye simu, wamekunja mikono ya shati, na wanatupenda zaidi kuliko zamani. Wale wa utotoni mwangu walikuwa waongo, lakini angalau walilazimika kuja kula chakula chetu tukawaona meno. Bunduki ile ninapoandika haya bado inanunuliwa bila leseni. Mwaka huu mmoja alibisha hodi mlangoni kwangu, kijana wa suti ya kubana, nikamuuliza swali lile lile la mama. Akanijibu, "Swali zuri sana." Nikamfungia mlango wangu.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu, hasira bado zinanichemka, nikamwambia huyu mgombea wangu ni ndugu yake Mashavu Mekundu, yule ambaye yeye mama alimpa kura na pilau juu yake. Mama akacheka.

"Nani kakwambia nilimpa kura? Nilimpa yule mama aliyeandika hapana."

"Mama! Yule si alikukatalia?"

"Alinikatalia usoni," akasema. "Yule angeshinda, ningemwendea kila mwezi nibishane naye, na kila nikienda ningemkuta pale pale nilipomwacha. Huyu wa ndiyo, mwanangu, ningemkuta wapi?"