Mwenyekiti Agomewa na Mfumo wa Bertilla

Bertilla ni binti wa hapa Mazwi. Mdomo wake haupumziki, anaimba huku anaandika programu, na akishikilia jambo usijisumbue kumbembeleza. Mwaka 2012 aliutengenezea umoja wetu wa wakulima mfumo kwa lugha ya Java: mwanachama anaingia kwa jina na nenosiri, anachagua siku ya kuleta mahindi ghalani. Mimi, katibu, nikajiona mtu wa kisasa kweli.

Walanguzi wakatuwahi. Walijisajili wenyewe kwenye intaneti za mjini, wakajiita wakulima, wakazoa nafasi zote. Mzee Masalu, mfugaji wa Kisukuma anayelima Kasense, alirudi nyumbani na mkokoteni wake umejaa mahindi vilevile. Wanachama wakaja juu: kwenye mkutano wa Jumamosi Bertilla aonyeshe dawa, la sivyo kompyuta zitoke, na yeye aondoke nazo.

Bertilla akaifungua ile sehemu ya programu inayokagua nenosiri, akaongeza swali moja: hata likiwa sahihi, je, akaunti imewashwa? Kama bado, huingii. Na mimi sikuruhusiwa kuwasha akaunti ya mtu mpaka balozi wake wa nyumba kumi asimame mbele yangu na kusema, "Huyu namfahamu, na shamba lake nalijua." Wiki nzima mabalozi walipishana ofisini.

Mwenyekiti wetu, Mzee Alois, hakuja. Nani asiyemfahamu?

"Niache nimuwashie tu," nikamwambia Bertilla asubuhi ya mkutano. "Tutaumbuka."

"Balozi wake yuko wapi, kaka Marselino?"

"Acha utani."

"Basi na walanguzi tuwawashie."

Alinikera, lakini sikumuwashia.

Mkutanoni Mzee Alois akataka kuanza yeye. Akaandika nenosiri kwa kidole kimoja, akabonyeza. Ukutani, projekta ilikomulika, mbele ya watu wote, yakatokea maandishi: *Nenosiri ni sahihi. Akaunti yako haijawashwa. Fika kwa katibu pamoja na balozi wako.*

Mara Mzee Masalu akainuka kule nyuma, anacheka mpaka kofia inaanguka.

"Imemkataa mwenyekiti! Sasa mlanguzi atapitia wapi? Kompyuta zibaki!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Bertilla akajifuta machozi, anacheka. Mzee Alois akautazama ukuta, akatutazama sisi, kisha akapaza sauti:

"Balozi Cornelia yumo humu? Mama, njoo uwaambie kwamba unanifahamu."