Udongo Mwekundu wa Chimbo la Manda

Mjomba wangu ndiye aliyekuwa akisimamia matengenezo ya msikiti wa mtaa wetu, Lamu, katika miaka ya hamsini. Ukuta wa kibla ulikuwa umepasuka, naye akataka mawe kutoka chimbo la zamani kisiwani Manda. Mimi nilikuwa mwashi wa miaka ishirini na sita na kazi yangu naijua. Akanituma nikalitazame.

Chimbo lile lilihamwa tangu zama za babu zetu. Bamba kubwa la jiwe liliporomoka likamvunja mtu miguu yote miwili, watu wakasema pana jini. Jini sikumkana, ila nilitaka kuona lile jiwe lilikuwa limeshikwa na nini.

Aliyenishusha ni Bi mmoja mkongwe, mjane, mchoma chokaa wa huko huko, ambaye marehemu mumewe alikuwa mkata mawe humo kabla hapajahamwa. Alama za sururu bado zilionekana ukutani, safu juu ya safu. Akanionyesha kombe wa pwani aliyeganda ndani ya jiwe.

"Hapa palikuwa bahari," alisema. "Huyu hakuletwa na mtu."

Chini zaidi nikaona mstari wa udongo mwekundu, unene wa vidole viwili, umepita kati ya tabaka mbili za jiwe. Nikausukuma kwa tindo. Ikazama hadi mkononi bila ya nyundo.

"Bi, udongo waingiaje chini ya jiwe?"

"Bahari iliondoka pakawa nti kavu, pakaota miti. Kisha ikarudi, ikajenga jiwe jingine juu yake." Akanigusisha vijiti vya mawe vilivyojipinda ndani ya udongo. Ilikuwa mizizi iliyogeuka jiwe.

Hapo nikaelewa. Mvua ikipenya, udongo ule huwa utelezi mtupu, na jiwe zima la juu limeukalia.

Mjomba hakufurahi. "Nimekutuma mawe, waniletea habari za udongo?"

"Mjomba, mle ndani simshushi mtu."

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

"Mtafute. Lakini kwanza twende ukautie mkono mwenyewe."

Nilimsemesha hivyo mbele ya watu, naye ndiye aliyenilea. Lakini siku ya pili alikuja. Akateremka polepole, akatia vidole katika ule mstari, vikatoka vyekundu na majimaji. Akavifuta kwenye kikoi chake cheupe bila kujali.

"Sasa tukate wapi?" akauliza.

Yule Bi ndiye aliyejibu. Tuanzie juu kabisa, alisema, mbali na ukingo, tukishuka tabaka kwa tabaka, asiwepo mtu wa kufanya kazi chini ya jiwe. Mumewe alitaka kufanya hivyo, hakusikilizwa.

Tukakata kama alivyosema. Masika ilipoingia, kipande cha ukingo tulichokiepuka kilianguka chimboni asubuhi moja, wakati sisi tuko juu upande wa pili tukinywa kahawa. Ardhi ilitikisika hadi buli likapinduka. Hakuumia mtu.

Ukuta wa kibla ulikwisha kabla ya Ramadhani. Mjomba alisimulia barazani kwamba ni yeye aliyeugundua ule udongo, nami nilimwachia. Yule Bi alipopata habari alicheka sana, kisha akaomba apelekewe vifusi vyote vya mawe kwenye tanuri lake avichome chokaa. Nilivipeleka mwenyewe, mashua tatu.