Amri Kumi Kando ya Mfereji

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, enzi za Mjerumani, nilikabidhiwa chaki na darasa la wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Kituo kilikuwa kwenye miteremko ya Meru, katikati ya migomba. Nilikuwa kijana, tena mwenye majivuno.

Humo nilimkuta Mzee Mbise. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniita Mwalimu. Aliwahi kuanguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, na tangu hapo jambo la asubuhi halikufika jioni kichwani mwake. Mkewe na wanawe walikwisha kubatizwa. Yeye alishashindwa mtihani wa ubatizo mara mbili. Mchungaji, Mjerumani mkali lakini si mbaya, aliniambia, "Akishindwa mara ya tatu, mwondoe."

Nikafanya nilichofundishwa: kukaririsha. Akisahau, napaza sauti, kana kwamba ugonjwa ulikuwa masikioni. Siku moja akasema kwa upole, "Mwalimu, mwanangu, unajichosha bure. Nikikaa kwenye benchi sikumbuki kitu."

Jioni ile nikampitia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, maana yeye ndiye aliyegawa maji ya ukoo. Nikaduwaa. Alijua kila mlango wa maji ni wa nani na zamu yake lini.

"Unakumbukaje, Mzee?"

"Miguu ndiyo inayokumbuka. Nikifika, najua."

Tukaacha benchi. Kila mlango tukaupa amri yake katika zile kumi za Mungu, moja kwa siku kadhaa, tukipita asubuhi na jioni. Natamani mpaka leo harufu ya udongo ule.

Siku ya mtihani alisimamishwa mbele ya madhabahu, akaulizwa amri, asikumbuke hata moja. Mimi ambaye sikuwahi kumjibu mkubwa nikasema, "Bwana Mchungaji, naomba aulizwe mferejini."

"Kanisa liko hapa, Mwalimu."

"Kumbukumbu zake ziko kule."

Hata hivyo Mchungaji akachukua kofia.

Mzee akatutangulia mferejini, akisema amri moja kila mlango. Kwenye mlango wa saba akasimama ghafla. Nikadhani kasahau. Mlango ulikuwa wazi, na haikuwa zamu ya mwenyewe.

"Nani huyu kaiba maji?" akafoka, akauziba kwa udongo, ndipo akageuka. "Ya saba, Bwana: usiibe."

Mchungaji alicheka mpaka akashika mgomba. Mzee akamaliza zote kumi, akabatizwa.

Nilifundisha katika vituo vingine vitatu hadi kustaafu, na siku ile naikumbuka kwa furaha kuliko zote. Lakini kabla ya siku ile nilikwisha kuwaondoa darasani wawili kwa kuwa na vichwa vizito: mfua chuma mmoja na mama msuka vikapu. Sikuwauliza hata siku moja kazi zao walizikumbukaje.