Sauti ya Fikirini Shambani Mbwera

Marehemu mume wangu alifukuza ndege shambani kwetu, mchana kweupe, na si mimi peke yangu niliyemsikia.

Soma taratibu. Siandiki ili unihurumie. Naandika kwa sababu mambo yameanza kunitoka kichwani, na hili sitaki linitoke.

Naitwa Mwamvua. Kwetu ni Mahege. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa Mbwera, huku kwenye visiwa vya Delta. Mume wangu aliitwa Fikirini.

Alikufa ndani ya mtumbwi, tukimpeleka Nyamisati ili tupate gari la kwenda hospitali Kibiti. Njia nzima nilikuwa naziita boti za mashine zilizotupita kwa mbali. Niliita mpaka nikahisi kitu kimekatika kooni.

Hakuna iliyogeuka.

Alipokata roho, na sauti yangu ikaenda. Nikabaki na mnong'ono. Nikakaa eda na mnong'ono. Watu wakasema itarudi. Nikatoka eda, haikurudi.

Sasa, huku kwetu mpunga ukianza kutia maziwa, watu wanahamia mashambani kuamia ndege. Kila mtu na dungu lake, kibanda cha juu ya miti, anapiga kelele kutwa. Ukinyamaza, kwelea kwelea wanashuka, jioni unabaki na makapi.

Na mpunga ule ndio chakula cha mwaka mzima, changu na cha mavyaa, mama yake Fikirini.

Aliyenipeleka shambani ni wifi yangu Kudra, dada yake Fikirini wa tumbo moja. Shamba lake limepakana na langu.

"Wifi, utaweza?"

Nikanong'ona kwamba nitaweza.

"Ndege hawasomi midomo, wifi yangu."

Nikacheka kwa mabega. Nilikuwa nimesahau kucheka kunaanzia wapi.

Nikafunga madebe kwenye kamba, nikawa navuta. Mwanzoni ndege waliruka. Baadaye wakazoea, wakawa wanatua juu ya kamba yenyewe.

Kulikuwa na jirani wa ng'ambo ya kijito, Saidy, rafiki wa marehemu. Akipita na mtumbwi wake lazima atupe neno.

"Shemeji, ndege wako wamenona. Mwaka huu usivune mpunga, vuna nyama."

Mchana mmoja nikasikia.

"Hooo-yaaa. Hooo-yaaa. Nendeni kwenu, mama zenu wamepika."

Nikaganda.

Hakuna mtu mwingine Delta nzima aliyefukuza ndege kwa maneno hayo. Na ile "ya" ya mwisho, kuivuta mpaka ikwaruze, ni ya Fikirini tu. Ilitokea upande wa kijito, kwenye mikoko.

Ndege wakanyanyuka wote, kama shuka lililokung'utwa.

Nikateremka, nikakata katikati ya mpunga mpaka ukingoni. Hapana mtu. Maji tu.

Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Jioni nikamfuata Kudra. Alikuwa anapara samaki.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni kaka yako."

Kisu hakikusimama. "Nimesikia, wifi," akasema, na hakuniangalia.

Saidy yeye hakujaliwa kunyamaza. Alisimamisha mtumbwi ukingoni, akanipandishia sauti.

"Shemeji, huyo mwanamume anayekuamia ndege mwambie ashuke tumsalimie."

Nikatikisa kichwa.

"Tunamsikia sote, shemeji. Mwenzetu hajaoza bado. Ungengoja kidogo."

Nilitaka kumjibu. Mdomo ukafunguka, ikatoka hewa.

Baada ya hapo sikujali mpunga wala heshima. Nilitaka kumwona tu. Nikawa sili. Kutwa nangoja sauti. Ikishanyamaza, nateremka kuitafuta, na kila siku nazidi kwenda mbali.

Siku moja nikaingia kwenye kijito chenyewe. Maji yakanifika kifuani. Kile ni kijito cha mamba, hata mtoto anajua. Wallahi sikuwaza mamba. Niliwaza kwamba yuko ng'ambo, na amechoka kuniita.

Kitu kikanivuta kanga kwa nyuma.

Kudra. Akaniburuta mpaka kwenye tope, akanikalia kama mtu anayezuia mbuzi.

"Ni wewe," akasema.

Sikuelewa.

"Anayeita ni wewe, Mwamvua. Siku ile ya kwanza nilikuwa nakuletea muhogo, nikakuona kwa macho yangu. Umesimama dunguni, mikono mdomoni, macho umeyafumba. Unaita kwa sauti ya kaka. Mikoko inakurudishia mwangwi."

"Sina sauti."

"Ya kwako huna. Ya kwake unayo."

Nikashika koo. Kila jioni lilikuwa likiniwasha, nikawa nalaumu moshi wa kufukuzia mbu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Kudra akatazama pembeni. "Nilikuwa namsikiliza kaka yangu."

Kesho yake niliwaacha ndege wale mpunga. Nilikaa dunguni nikajichungulia ndani. Nilijiuliza jambo moja tu: kama ile ni sauti ya Fikirini, yangu ilikuwaje?

Sikuikumbuka. Nikamwuliza Kudra, mimi nilikuwa naitaje zamani.

Alifikiri sana. "Wewe ulikuwa ukiitikia, wifi. Kaka anaita, wewe unaitikia. Kuita peke yako, sikumbuki."

Nikarudi nyuma zaidi. Mahege. Shule. Yule msichana niliyekuwa, aliyesoma risala mbele ya wageni siku ya mahafali. Nilimwona anafungua mdomo. Sikumsikia.

Hata hivyo nikaendelea kukaa, kimya, siku baada ya siku, namtafuta. Mpaka asubuhi moja nikasimama, macho wazi, akili zangu timamu, nikaita.

"Tokeni."

Neno moja. Sauti nyembamba, imepasuka. Haikuwa ya mume wangu, haikuwa ya yule msichana wa risala. Ndege hata hawakushtuka. Lakini ilikuwa yangu. Niliijua.

Kudra akaja mbio kutoka shambani kwake. Nikadhani anakuja kunipongeza.

"Ita tena," akasema.

"Tokeni."

"Si hiyo. Ile nyingine."

Nikafumba macho. Nikaweka mikono mdomoni. Maneno nayajua yote.

"Hooo-ya. Nendeni kwenu, mama zenu wamepika."

Ikatoka ileile nyembamba.

Nikarudia. Nikarudia. Nikarudia mpaka Kudra akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Basi, wifi. Basi. Ameshakwenda."

Akaangua kilio. Siku ya mazishi hakulia vile.

Mwaka ule ndege walikula zaidi ya nusu ya shamba.

Siku hizi naongea. Nasalimia watu, nikienda Nyamisati nabishana bei ya samaki. Watu wananiambia alhamdulillahi, umepona. Naitikia.

Wanasema mtu akae peke yake ajitafute, atajipata. Sibishi. Nilijitafuta, nikajipata. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimempa Fikirini nafasi yote, na kwamba mimi nikirudi kukaa, yeye itabidi atoke.

Kama bado unamsikia mtu wako ndani yako, usiwe na haraka ya kupona.