Baiskeli ya Kumbeba Nyanya

Kila harufu ya tairi mpya inaponipata dukani, najiona tena kwenye duka la baiskeli mtaani Kawangware, nimeshika leso ya Mama.

Nyanya alikuwa kwao Kitui, miguu imemvimba, na hospitali ilikuwa mbali, barabara yote changarawe na mawe. Mama akaamua kumpelekea mjomba, aliyeishi naye, baiskeli ya kumbebea.

Muuzaji alitutolea moja nyekundu yenye gia, inang'aa. "Chukua hii, mama. Ni nyepesi sana."

Mama alifinya tairi zake nyembamba, akaiacha. Akaonyesha nyeusi iliyoegemea mabati, nzito, tairi nene, keria ya chuma ya kukalia mtu nyuma. "Nipe hiyo niijaribu."

"Utaiendesha wewe?"

"Kwani nani?"

Akakaza leso kiunoni. "Panda nyuma, unishike," akaniambia.

Sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Tuliteremka barabara ya Kongo, mashimo na kokoto tupu, meno yangu yakigongana, vijana wakitupigia mbinja. "Mathe, ongeza moto!" Keria haikulegea. Nilihisi mgongo wake ukitikisika, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka.

Huko chini alifunga breki, tukasimama pale pale alipotaka. Muuzaji akafika mbio, anahema.

"Ni hii," Mama akamwambia.

Mjomba alimpeleka Nyanya hospitali kwa baiskeli hiyo, tena na tena. Krismasi tulipofika nyumbani Kitui, tulimkuta Nyanya amesimama langoni kwa miguu yake, analalamika kwamba mjomba huendesha polepole mno.